Muulize Bwana Afya: Juisi zangu zilienda wapi?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi kuliko nafasi, na karibu nusu yake zinauliza kitu kile kile kwa midomo tofauti: hivi chakula kikishakamatwa kikasemwa hakifai, kinaishia wapi? Nimefanya kazi ya uafisa afya miaka mingi tu mpaka nimestaafu, koti jeupe bado linaning'inia nyuma ya mlango mke wangu anataka kulifanya dekio, kwahiyo nitawajibu kama ninavojibu nikiwa barazani kwangu, lugha ya ofisini msinidai.

*

*Shikamoo mzee. Mimi nina duka Mbagala, la kawaida tu la mtaani. Wiki mbili zilizopita walikuja watu wawili wakasema wao ni afya, wakachambua shelfu wakatoa juisi katoni sita, maziwa ya kopo manne na biskuti, wakasema zimeekspaya. Kweli zingine zilikua zimepitiliza sibishi ila zingine zilikua bado zina siku tatu nne hivi mbele, wao wakabeba zote wakapakia kwenye bajaji hao wakaondoka, karatasi sikupewa. Jirani yangu ananambia hizo zinaenda kunywewa huko huko majumbani kwao. Sasa mzee naomba kujua mzigo wangu ulienda wapi na mimi haki yangu ni ipi. (Muuza duka, Mbagala)*

Marahaba mwanangu, pole sana. Mimi hapo sijastushwa na juisi, nimestushwa na bajaji.

Afisa afya akiingia dukani kwako kitu cha kwanza ni kitambulisho, na wewe una haki ya kukishika ukakisoma, sio kuoneshwa juu juu kama tiketi ya daladala. Cha pili akikuta kitu kibovu anaandika. Anaandika jina la bidhaa, idadi, namba ya toleo, tarehe iliyopo kwenye kopo, na sababu ya kuzuia, alafu anasaini yeye unasaini wewe na nakala unabaki nayo. Hiyo karatasi ndo roho ya kazi yenyewe. Bila karatasi hakuna tofauti kati ya afya na mwizi aliyevaa vizuri, na samahani kama kuna wenzangu wanasoma hapa lakini ndo hivo.

Kama mzigo ni mkubwa hauwezi kubebwa siku hiyo, unafungwa pale pale kwa lakiri au utepe na wewe unaambiwa usiguse mpaka warudi. Na kama unabisha, mfano unasema unga wangu mzima huu, inachukuliwa sampo inaenda maabara, haiharibiwi kitu mpaka majibu yarudi. Chakula kilichoisha tarehe hakihitaji maabara, tarehe yenyewe inaongea. Ila hizo zako zilizobakiza siku tatu nne, kama kopo halijabonyea vibaya, halina kutu, halijavimba na halikukaa pamoja na sumu ya panya, mimi sioni zilichukuliwa kwa sababu gani. Mtu mwenye busara angekwambia zitoe mbele ziuze haraka au rudisha kwa ejenti.

Nenda ofisi ya kata uliza afisa afya wa kata ni nani, ukifika muulize kama siku ile kulikua na ukaguzi mtaani kwenu. Akisema hakuna, basi uliibiwa, nenda polisi. Akisema ulikuwepo, omba karatasi yako. Wengi mnachanganyikiwa nani anakagua nini na siwalaumu, maana zamani chakula kilikua chini ya TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa, alafu 2019 mambo yakabadilishwa, TFDA ikawa TMDA ikabaki na dawa na vifaa tiba, chakula na vipodozi vikahamia TBS, shirika la viwango. Huku chini mtaani mtu utakaemuona mara nyingi ni yule yule bwana afya au bibi afya wa halmashauri.

Sasa swali lako lenyewe, zinaenda wapi. Kwa Dar takataka za jiji zinaenda dampo la Pugu Kinyamwezi, Zanzibar wana jaa la Kibele, na mizigo ya chakula kibovu nayo huishia sehemu za namna hiyo. Ukikuta ni mzigo mkubwa utaona msururu wa watu, wapo watu wa viwango, watu wa mazingira, polisi na mwenye mali mwenyewe, na gharama za gari na katapila analipa yeye mwenye mali, ndo maana wengine wanakimbia. Mwisho inatolewa hati kwamba kitu fulani kiasi fulani kimeharibiwa mbele ya fulani na fulani.

Lakini nikwambie kitu ambacho kwenye hati hakiandikwi. Kumwaga sio kuharibu. Hili nimejifunza kwa aibu. Mwaka mmoja, mkoa mwingine wala sio Dar, tulipeleka gari zima la biskuti na juisi za unga dampo, tukamwaga, tukapiga picha, tukasaini, jioni imeshaingia dereva analalamika mafuta, tukaondoka. Kesho yake asubuhi nipo stendi nasubiri basi, akaja mtoto wa miaka kama kumi ana beseni kichwani, biskuti pakti mbili mia. Nikashika pakti moja, kwenye pembe ina majivu. Nikageuza nyuma, namba ya toleo ni ile ile, nilikua naikumbuka kwa sababu jana yake niliiandika kwa mkono wangu mpaka kidole kikaota sugu. Nilinunua beseni zima. Sikumuuliza kazitoa wapi, ningemuuliza nini, mimi ndo niliyempelekea.

Tangu siku ile sikuwahi tena kuondoka dampo kabla ya katapila. Katoni zinafunguliwa zote, sio kutupwa zikiwa zimefungwa, chupa zinatobolewa, mifuko ya unga na mchele inapasuliwa kwa panga inamwagiwa oili chafu au inachanganywa na takataka mbichi mpaka mwenye njaa aione na aikatae, alafu katapila inapita mara mbili tatu inafukia. Kuchoma moto juisi ni kujifurahisha tu, maji hayaungui, inachomeka plastiki unabaki na moshi na chupa zilizopasuka nusu. Na wale vijana wanaookota dampo sio wabaya, wanajitafutia, ukiwaachia kitu kizima wataokota, kosa ni la aliyeacha.

Na wewe mwenyewe nikuulize, zile ulizorudisha kwa ejenti mwaka jana, unajua zilienda wapi? Kuna watu kazi yao ni kufuta tarehe kwa thina na kugonga mhuri mpya. Ukipokea mzigo nusa pale penye tarehe, pitisha kidole, kama wino unatoka au panateleza kuliko sehemu nyingine ya kopo, kataa. Alafu linganisha tarehe ya kopo na ya katoni, hawa jamaa kopo wanafuta katoni wanasahau.

*

*Shikamoo baba. Nipo Kondoa. Mwaka huu tulivuna mahindi mvua ikatunyeshea yakiwa bado hayajakauka vizuri, sasa gunia tatu zimeota ukungu, mengine yana rangi ya kijani hivi mengine yamekua meusi na yakishikwa yanatoa vumbi. Mama mkwe anasema tuyaoshe tukoboe tusage hakuna shida, wao wamekula hivo toka zamani. Shemeji anasema tuwape kuku na ng'ombe. Na kuna jirani anapika pombe anataka kuyanunua kwa nusu bei. Kutupa gunia tatu baba inauma, nifanye nini. (Mama wawili, Kondoa)*

Marahaba mwanangu. Swali lako hili nimelisoma mara tatu, kwa sababu wewe upo Kondoa na Kondoa hapo karibu na Chemba na Kiteto ndo kule kule. Mwaka 2016 mwezi wa sita mikoa ya Dodoma na Manyara watu walianza kuugua, tumbo linauma linavimba, wanatapika, macho yanakua ya njano, mwanzoni ikaitwa ugonjwa usiojulikana, watu wakasema mengi. Baadae ikajulikana ni sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kwenye mahindi. Watu 20 walifariki. Wenzetu Kenya waliwahi kupata kubwa zaidi, mwaka 2004 huko Makueni na Kitui na jirani zake, wagonjwa 317 na waliokufa 125, nayo ilikua mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Kwahiyo mama mkwe mheshimu kwa yote ila kwa hili mwambie kwa upole hapana.

Sumukuvu inatengenezwa na ule ukungu, na tatizo lake ni kwamba ukungu unaweza kuusugua ukaisha, sumu ikabaki ndani ya punje. Haina ladha, haina harufu, na moto wa jikoni hauiwezi, pika ugali masaa mawili itabaki. Kuchambua na kukoboa kunapunguza, hilo ni kweli, sumu nyingi inakaa kwenye ganda na kiini, na kwa mahindi yanayoonekana mazuri mimi nakushauri uchambue na ukoboe hata kama huoni kitu. Ila kwa gunia ambalo limeshageuka rangi linatoa vumbi, kupunguza hakutoshi. Kiwango kinachoruhusiwa kwetu Afrika Mashariki ni sehemu 10 za sumukuvu kwa bilioni, yaani ni kidogo sana, gunia kama hilo hakuna anaeweza kukuhakikishia bila kipimo.

Shemeji nae. Mwaka 1960 Uingereza bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa kwa mkupuo, wataalamu wakahangaika weee mpaka wakakuta ni mashudu ya karanga yenye ukungu, na hapo ndo dunia ikaijua sumukuvu. Ndege haimfai. Ng'ombe yeye anaweza asife, anakula anaigeuza kidogo alafu anaitoa kwenye maziwa, na maziwa wanakunywa hao wawili wako. Yaani umeitoa mlangoni imeingia dirishani. Na jirani wa pombe ndo kabisa, kuchachusha hakuiondoi, na wale wanywaji ndo watu ambao ini lao tayari lina kesi nyingine, tena utakua umechukua hela kwa ajili hiyo.

Najua inauma, gunia tatu sio mchezo. Fanya hivi. Jifunge kitambaa puani na mdomoni kwanza maana lile vumbi nalo sio zuri. Kama kuna gunia lililoharibika juu tu tenga, mengine yaliyo mazima yaanike upya juu ya turubai sio chini kwenye udongo, alafu chambua punje kwa punje na watoto wakusaidie ila wanawe mikono. Yale mabovu usitupe jalalani kuku watachakura, chimba shimo refu mbali na kisima, mwaga, mimina majivu na maji yavurugike, fukia ushindilie. Na mwambie mtendaji wa kijiji au bwana shamba, sio kwa ajili ya kesi, ni kwa sababu kama yako yameharibika ya jirani pia yameharibika, na wanaweza kuleta kipimo.

Mwakani kabla hujafunga gunia chukua chupa ya kioo kavu, tia chumvi kavu kijiko na mahindi kama robo ya chupa, tikisa dakika chache acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo mahindi bado mabichi, rudisha juani. Isipoganda unaweza kuhifadhi, na ukipata ile mifuko isiyopitisha hewa ndo bora zaidi. Ile ya chupa nilifundishwa na mama mmoja mkulima, sio chuoni, chuoni walinifundisha mashine ambayo kijijini hakuna.

*

*Mzee mambo, kopo la maharage limevimba juu ila tarehe bado mwaka mzima, naweza kula? (Mwanachuo, Morogoro)*

Usile, usionje, usilifungue hata kidogo kuangalia. Kopo likivimba maana yake kuna kitu hai ndani kinatoa gesi, na katika hivo vitu kuna kimoja sumu yake inapooza mwili mpaka pumzi, onjo moja linatosha. Lifunge kwenye mfuko mwingine, andika SUMU kwa maki peni, mpe muuza duka alione na yeye, sio kumtupia roommate.

*

*Asalaam aleykum. Baba mie nipo Pemba, kusini huku. Baada ya ile misiba ya kasa watu waliogopa lakini sasa naona wameanza tena kidogo kidogo, wanasema ukimpika sana ukamwaga maji ya kwanza anakuwa hana neno, na wengine wanampa kwanza paka wakitizama. Kijana wangu yeye anakwenda baharini. Nimwambie nini? (Mama wa mvuvi)*

Waaleykum salaam mama yangu. Kwa wasomaji wa bara ambao hawajui, mwezi wa tatu 2024 kisiwa cha Panza, Pemba, watu walikula nyama ya kasa, wakafa 9, wanane ni watoto, na wengine 78 wakalazwa. Kabla ya hapo mwaka 2021 mwezi wa kumi na moja, hapo hapo Pemba, watu 7 walikufa kwa kasa pia, mmoja mtoto wa miaka mitatu. Sasa fikiria kisiwa hicho hicho ndani ya miaka mitatu isiyofika.

Mwambie kijana hivi. Sumu ya kasa haitoki kwa kupika, wala kwa kumwaga maji, wala ndimu, wala kukausha, na dawa ya kuiua haipo, hospitali wanakusaidia mwili upambane tu. Inadhaniwa inatokana na mimea ya baharini anayokula, ndo maana mwaka huu mtu amekula kasa salama, akajiona mjanja, mwakani mwenzie anakula anazikwa, kasa kwa nje wanafanana. Watoto ndo inawamaliza. Na kitu wengi hawajui, mama aliyekula akinyonyesha mtoto anaweza kuipata kwenye maziwa. Paka nae sio maabara, anaweza asionyeshe kitu leo, nanyi mshakula usiku.

Hapo sijataja kwamba kasa analindwa kisheria Zanzibar na kumuua ni kosa, maana najua mvuvi ukimtajia sheria anakuangalia tu. Akinasa kwenye nyavu amwachie. Akiletewa nyama mama asipokee, na asiipokee kwa adabu alafu akampa jirani, hapo ndo tunaporudi kwa yale mahindi ya Kondoa.

*

*Shikamoo mzee. Mimi mdau wa kitimoto hapa Mbeya, sitaki mahubiri tafadhali. Juzi tumekaa sehemu, rosti imekuja, nikakata kipande ndani nikaona vijipunje vyeupe kama mchele. Mwenye banda akasema ni mafuta. Nimekula nusu. Nitakufa? (Mdau, Mbeya)*

Marahaba. Hujafa, ungekufa usingeandika. Lakini yale sio mafuta mdau, mafuta yakipata moto yanayeyuka, hayabaki duara. Ule ni mtoto wa tegu anakaa ndani ya nyama kwenye kijifuko, na kama iliiva vizuri mpaka ndani ameshakufa umekula protini tu, kama ilikua nyekundu katikati nenda kapime choo baada ya miezi miwili mitatu, kuna dawa.

Sasa ngoja niwafafanulie maana hapa watu wengi hata wenye elimu wanachanganya. Ukila nyama yenye vile vijipunje unapata mnyoo mrefu wa tumboni, unakera ila unatibika. Kile kifafa kinacholetwa na tegu akiingia kichwani kinakuja kwa njia nyingine, kwa kumeza mayai ya huyo mnyoo, na mayai yanatoka kwenye choo cha mtu mwenye tegu, yanakuja kupitia mikono, maji, kachumbari. Yaani mtu anaweza asile kitimoto maisha yake yote akapata tegu wa kichwani kwa sababu mpishi hakunawa. Mbulu huko na mikoa yenu ya nyanda za juu kusini limeshachunguzwa sana hili, watu wanaoanguka kifafa ukubwani wengine shida ni hiyo, watu wanasema karogwa.

Wafanyabiashara wa nguruwe wanalijua vizuri sana, usiniambie hawajui. Nenda mnadani utaona, nguruwe analazwa chini, kijiti kinapitishwa mdomoni, ulimi unavutwa kwa kitambaa, mnunuzi anapapasa chini ya ulimi. Akikuta kipele anakataa. Ile njia inakamata wale walioathirika sana tu, wenye vichache wanapita. Na swali langu siku zote lilikua hili, yule aliyekataliwa anarudi na nani? Harudi kufugwa. Anaenda kuchinjwa uani usiku kwa bei ya chini, nyama haina mhuri wa mkaguzi, na inaingia kwenye sufuria moja na ile nzima. Rosti na viungo vinaficha kila kitu.

Kwahiyo muulize mwenye banda nyama imechinjwa wapi na mhuri uko wapi, kabla haijakatwa. Akijibu kwa hasira hamia banda lingine, Mbeya hamna uhaba. Machinjioni penyewe, nyama iliyokataliwa na mkaguzi inakatwakatwa, inamwagiwa mafuta ya taa au rangi, inaingia shimoni lenye mfuniko. Na maini na mapafu yenye malengelenge ya maji msiwatupie mbwa, kuna mnyoo mwingine unazunguka hivo hivo, mbwa anakula, anaenda haja, mtoto anamshika manyoya, na maeneo ya wafugaji kama Ngorongoro unajulikana, uvimbe unakua kwenye ini la binadamu miaka na miaka mpaka unapasuliwa.

*

*Mzee za kazi, mimi mama lishe Mwanza. Huku kuna afisa kila akija anasema kibanda hakifai, nikimpa ya soda kinafaa. Wiki ijayo hakifai tena. Nimechoka. Alafu wanataka vipimo vya afya kila mara, wasaidizi wangu watatu hela natoa wapi? (Mama lishe)*

Salama dada yangu, na pole. Huyo sio mkaguzi huyo ni mteja wako, tena anaekula bila kulipa. Faini yoyote ya serikali siku hizi inalipwa kwa kontrol namba, ukipewa kontrol namba unaenda kwa wakala wa simu unalipa risiti inakuja. Akitaja soda muombe kontrol namba, kwa heshima kabisa, na usimpandishie sauti. Wengi wanaondoka hapo hapo. Akirudi na vitisho andika tarehe na saa, mkae akina mama wote wa eneo hilo muende kwa mganga mkuu wa wilaya pamoja, ukienda peke yako utaitwa mkorofi.

Ila na mimi nikwambie ukweli wa upande wa pili. Vipimo vya afya kwa anaepika na kugawa chakula, huwa ni kila miezi 6, sio uonevu. Wapo watu wazima kabisa hawaumwi popote na wanabeba taifodi. Mwaka 2015 kipindupindu kilipoanza Dar mwezi wa nane mama lishe wengi walifungiwa, wenye maji ya kunawa na walio safi wakafungiwa pamoja na wachafu, kwa sababu hakuna aliyekua na muda wa kutenganisha. Kama mmejiunga kikundi ongeeni na kituo cha afya muende kwa mafungu mafungu. Maji ya kunawa yawe ya kutiririka, ndoo yenye koki ni hela ya siku mbili tatu za biashara, sio beseni moja wanaume kumi na tano.

Na wali uliolala, dada. Najua unaupasha asubuhi unauchanganya na mpya. Usiuache kwenye sufuria na joto la Mwanza usiku kucha, kuna kijidudu cha wali kinatoa sumu ambayo kupasha hakuitoi. Ukibaki kula jioni hiyo hiyo na wasaidizi au mpe mwenye nguruwe, na upike kwa kipimo.

*

*Wanasema samaki ambaye nzi hamtui ana dawa ya maiti. Kweli? Nanunua pale Feri kila Jumamosi. (Baba J, Kigamboni)*

Sio kipimo cha kutegemea Baba J. Nzi anaweza asitue kwa sababu ya barafu, upepo wa bahari, au muuzaji anapepea kwa bidii, na anaweza kutua kwenye samaki mwenye dawa kidogo. Kwamba kuna watu wanatia madawa sikatai, mwaka 2019 Nairobi kulikua na kelele kubwa ya nyama za supamaketi kuwekewa dawa ya kuzifanya ziwe nyekundu, lakini dawa kama hizo zinakamatwa kwa maabara, sio kwa nzi.

Wewe angalia macho yawe yamejaa na maangavu, fungua mashavu yawe mekundu sio kahawia, bonyeza mgongo nyama irudi, nusa, samaki mbichi ananukia bahari, akinukia kali kama hospitali muache. Ninachokiogopa zaidi kwako ni jodari aliyekaa juani toka asubuhi, huyo hana dawa yoyote, ila nyama yake ikipata joto inatengeneza kitu kinachokufanya uso uwe mwekundu, uwashwe, kichwa kigonge ndani ya nusu saa, na kukaanga hakukiondoi. Ukisikia ladha kama pilipili na hujaweka pilipili tema. Kwahiyo nenda mapema, na uende na kidumu cha barafu, pantoni ikichelewa Jumamosi unajua mwenyewe inavokua.